Marahaba ya Kitinda

Chuoni walimfundisha Kitinda mambo mengi. Walimfundisha kuandika andalio la somo, kupanga madawati kwa makundi, kutengeneza saa ya ukutani kwa boksi na vijiti, na kumsifu mtoto hata akikosea ili asivunjike moyo. Walimfundisha hata namna ya kushika chaki isipige kelele ubaoni. Katika wakufunzi wote wale, wanaovaa miwani na wasiovaa, hakuna hata mmoja aliyemfundisha kuitikia shikamoo. Nadhani walijiambia kwamba kila mtu mzima anajua. Mimi nawauliza, mtu atajua vipi kitu ambacho tangu azaliwe hajapewa nafasi ya kukifanya?

Kwao walizaliwa sita na yeye ndiye kitindamimba, jina likamganda, baadaye likakatwa mkia likabaki Kitinda tu. Juu yake kulikuwa na dada wawili na kaka watatu. Kama hilo halikutosha, dada yake mkubwa alishazaa kabla mama yao hajamzaa Kitinda, kwa hiyo hata mpwa wake wa kwanza alimpita umri na kumtuma dukani. Kila asubuhi alipoamka kazi yake ilikuwa kugawa shikamoo nyumba nzima: shikamoo baba, shikamoo mama, shikamoo dada, shikamoo dada, shikamoo kaka, shikamoo kaka, shikamoo kaka, na wageni kama wapo. Alizigawa tangu ajue kusema, na hakuna hata moja iliyowahi kuja upande wake. Watoto wa mtaani nao, kwa vile alikuwa mfupi na mwembamba, walimwona mwenzao. "Vipi, Kitinda," walisema, wakapita na mpira wao.

Siku ya kwanza kazini alipangiwa darasa la sita, hisabati. Mkuu wa shule, mama mnene asiye na haraka na chochote, alimfikisha mlangoni akamwacha hapo. Ndani watoto walikuwa wamebanana watatu watatu kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya wawili. Kiranja wa darasa alikuwa msichana waliyemwita Kengele, kwa sababu sauti yake iliweza kumfikia mtu hata akiwa chooni. Kengele akasema, "Simameni." Madawati yakakwaruza sakafu. Wakavuta pumzi wote, wakaimba kwa pamoja: "Shikamoo mwaalimuu."

Na Kitinda, kwa adabu zake zote alizolelewa nazo, akainamisha kichwa kidogo akajibu, "Shikamooni."

Kwanza kila mtoto alimwangalia mwenzake kama amesikia vizuri. Halafu mmoja wa nyuma akaitikia kwa sauti nzito ya kizee, "Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Hapo wakavunjika mbavu. Wapo waliolala kifudifudi juu ya madawati, wapo walioshikana mikono. Kengele mwenyewe, ambaye kazi yake ilikuwa kuwanyamazisha, alijifuta machozi kwa kola ya shati.

Angecheka nao, pengine yangeishia hapo. Lakini alisimama na chaki mkononi, uso umemwiva, akasema, "Nilitaka kusema marahaba," na hakuna aliyekuwa anamsikiliza tena. Kabla ya mapumziko shule nzima ilishampa jina. Mwalimu Shikamooni. Jioni hata mlinzi wa getini alimuaga kwa jina hilo, kisha akajifanya anakohoa.

Sasa, shule ile ilikuwa na utaratibu wake, na sidhani kama ulikuwa wake peke yake. Darasa likishaamkia halikai. Linabaki limesimama mpaka mwalimu aitikie na kila mtu asikie, ndipo linaketi. Watoto hawakuchelewa kugundua kwamba hapo ndipo penye kidonda. Kitinda aliisema marahaba upesi na kwa chini, macho kwenye daftari, kama mtu anayepokea mzigo uliopelekwa nyumba siyo. Nao wakabaki wamesimama. "Hatujasikia, mwalimu," alisema mmoja wa nyuma, mpole kabisa. Akarudia. "Na huku dirishani hatujasikia." Akarudia tena. Kipindi kilikuwa kinakwenda, yeye anaona wazi kwamba anachezewa shere, na hana la kufanya.

Alichoka. Watu wakisikia mwalimu kachoka wanafikiria miguu na koo, na ni kweli miguu ilimvimba na koo lilimwasha kwa vumbi la chaki. Lakini miguu mtu anaiweka kwenye beseni la maji ya moto, inapona. Kilichomchosha zaidi ni kuigiza kutwa nzima. Kila asubuhi alivaa sketi ya mwalimu, akabeba madaftari ya mwalimu, akaingia mahali ambapo walikuwa wanamsubiri mwalimu, na moyoni alijua kwamba aliyefika ni Kitinda. Alikuwa anangoja siku mtu mzima mmoja afungue mlango aseme, "Haya, umecheza vya kutosha, toka hapo." Hofu hiyo alilala nayo na kuamka nayo, na inachosha kuliko kubeba zege.

Katika ofisi ya walimu walimpa kona ya meza iliyo karibu na mlango, ile ambayo kila anayeingia lazima aigonge kwa kiuno. Jirani yake hapo alikuwa mwalimu wa hisabati wa darasa la saba, mzee mfupi waliyemwita Radi, na jina hilo hakulikataa. Radi alikuwa amekula chumvi nyingi, na chaki nyingi vilevile. Alipokuwa anafundisha, madarasa ya jirani yaliandika maelezo yake kwa kusikia tu. Siku moja alimtazama Kitinda akisahihisha madaftari huku machozi yakimlengalenga, akavuta kiti chake karibu.

"Mwanangu, mimi nakusikia kupitia ukuta. Yaani nasikia kwamba sikusikii. Unaongea na wale watoto kama umekwenda kuomba chumvi kwa jirani."

"Sasa nifanyeje, mzee?"

"Sauti. Itoke hapa." Akajipiga tumboni. "Wakusikie kabla hujafika mlangoni. Mimi mwaka wangu wa kwanza walinipanda kichwani. Mwaka wa pili nikawapanda mimi, na mpaka leo sijateremka."

Basi Kitinda akaazima sauti ya Radi. Alifanya mazoezi bafuni nyumbani, bomba likiwa wazi ili asisikike, ingawa alisikika. Kesho yake aliingia darasa la sita akiwa ameshapandisha mabega. Watoto walipoamkia, alinguruma marahaba mpaka vumbi likadondoka kwenye fremu ya dirisha. Wakakaa. Siku zile za kwanza alitoka darasani kwa furaha, akifikiri amepata. Aligonga meza kwa rula, akamwita mtoto kwa kidole kimoja, akatembea na mikono mgongoni kama Radi, akasema hata ule msemo wa Radi wa "kichwa si cha kufugia nywele".

Lakini siku moja walikuwa kwenye sehemu, nusu na theluthi na robo, Kengele akanyoosha mkono. "Mwalimu, tatu si ni kubwa kuliko mbili? Sasa kwa nini theluthi iwe ndogo kuliko nusu?"

Lilikuwa swali zuri. Kitinda alijua ni zuri, na hapohapo alijua kwamba hana jibu la haraka la kumridhisha mtoto. Mwalimu mwingine angesema, "Ngoja tufikirie." Yeye aliyekuwa amevaa sauti ya mtu alinguruma, "Kaa chini! Sikiliza kwanza kabla ya kuuliza." Kengele akakaa. Mkono ule haukunyooshwa tena wiki hiyo, wala iliyofuata. Kitinda aliona aibu, aibu hasa, ile ya kumfanya mtu akatishe njia ili asipite karibu na dawati fulani. Na kwa kuwa alikuwa na aibu akanguruma zaidi.

Alikuwa anaishi kwa dada yake mkubwa, fundi cherehani, kwenye nyumba ambayo sebule ilikuwa nusu sebule na nusu karakana. Mtu akitaka kukaa, lazima aondoe kwanza gauni la mtu mwingine. Baba yao alikuwa hapo pia. Enzi zake alikuwa fundi wa mabomba, na nyumba nyingi za mtaa ule maji yake yalipita kwanza mikononi mwake. Sasa kumbukumbu ndiyo ilikuwa inamvuja, kidogo kidogo, na hakuna aliyejua pa kuziba. Kutwa alikaa kibarazani kwenye kiti cha plastiki. Alimwita binti yake mkubwa kwa jina la marehemu mke wake. Wanawe wa kiume wakija kumwona aliwauliza kama wamefuata kodi. Wajukuu alishawasamehe kitambo, aliwaita wote "wewe".

Aliyebaki ni Kitinda. Kila jioni alipofika, mkoba begani, vidole vyeupe kwa chaki, alimwinamia na kusema, "Shikamoo baba." Naye mzee aliinua uso, akaushika mkono wake, akaitikia, "Marahabaaa, Kitinda." Haikuwa marahaba ya kupita. Ilitoka taratibu, ikavutwa mpaka mwisho wake, na muda wote huo mkono haukuachiwa. Kitinda aliuacha mkoba uteleze mpaka chini. Katika siku nzima hiyo ndiyo ilikuwa dakika yake pekee ya kutoigiza. Alikuwa mtoto wa mtu, basi, na aliyemzaa alikuwa anamjua.

"Wewe unarudi nyumbani kama nguo iliyokamuliwa," dada yake alimwambia, sindano ikiwa mdomoni. "Ongea na kaka yako."

Kaka wa tatu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Alipiga simu mwenyewe. "Kitinda, unateseka bure. Huku dukani nina feni."

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nasema nina feni. Unakaa, unauza misumari, msumari haukuiti majina."

Alikuwa na hoja. Kitinda akamwambia kwamba mwaka wake wa majaribio unaisha mwisho wa muhula. Mkuu akimthibitisha kazini atabaki, akimkataa atakuja kuuza misumari. Alipokata simu alijikuta anaomba akataliwe. Hilo lilimtisha. Alikuwa ametaka kuwa mwalimu tangu utotoni, tangu alipokuwa anawafundisha wanasesere wa matambara ya dada yake, ambao walau walikuwa wadogo kwake.

Mkuu wa shule alimwita wiki ya mwisho. Alikuwa anakunywa chai, akamwonyesha kiti, akanywa tena kabla ya kusema.

"Alhamisi kipindi cha kwanza nitakuja kukaa nyuma ya darasa lako. Baada ya hapo ndiyo nitaamua."

"Sawa, Mkuu."

"Nikwambie kitu. Radi ninaye tayari. Nampenda, lakini mmoja ananitosha, hata paa linajua hivyo. Sitaki kuja kumwona Radi wa pili."

Mkuu akajiongezea chai.

"Na hiyo marahaba yako. Mwanzoni ulikuwa unaitikia kama mtu aliyekanyagwa kidole. Siku hizi unaitikia kama wewe ndiye uliyewakanyaga. Mtoto akikuamkia hajakutukana, binti yangu. Aipeleke wapi salamu yake kama huipokei?"

Alitoka pale akiwa hajui tena awe nani. Kama siyo Kitinda, na siyo Radi, basi nani ataingia darasani Alhamisi? Basi Jumatano alifanya alichokizoea. Alinguruma kutwa. Alinguruma kwenye sehemu, akanguruma kwenye foleni ya maji, akamngurumia mtoto aliyedondosha penseli. Jioni alipofika kibarazani shikamoo yake ilitoka na mikwaruzo. Baba yake akaitikia, akamshika mkono, akamwangalia koo. "Hiyo washa imechakaa," akasema. Washa ni kile kipira cha ndani ya bomba. Kitinda akacheka mpaka akakohoa.

Asubuhi ya Alhamisi sauti haikuwepo. Siyo kwamba ilikuwa imepungua. Alifungua mdomo na kilichotoka kilikuwa hewa tu. Dada yake alimsukutulisha maji ya moto na chumvi, akamsukutulisha tena, mwishowe akaketi kitandani kando yake. "Nitumie mtu akaseme unaumwa?" Kitinda akatikisa kichwa. Alikuwa amechoka kiasi kwamba kuahirisha kulimchosha kuliko kwenda. Alitaka yaishe.

Kibarazani alimwinamia baba yake kama kawaida, midomo ikasema shikamoo baba, na mzee hakusikia kitu. Alimtazama. Alisubiri. Masikio yake nayo yalikuwa mabovu, na bila ile sauti hakuwa na pa kuanzia. "Nani huyu?" aliuliza, siyo kwa ukali, kama mtu anavyomuuliza mpita njia. Kitinda alijaribu tena. Mzee akageuka kuangalia barabara. Muda ulikuwa unakwenda, Kitinda akaondoka bila kuitikiwa. Njia nzima alijisikia kama ametoka bila viatu.

Mkuu alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye dawati la nyuma kabisa, magoti yamemfika kifuani, na wale watoto watatu aliowahamisha walikuwa wamebanwa ukutani. "Simameni," akasema Kengele, bila ule mlio wake. Wakasimama. "Shikamoo mwaalimuu."

Kitinda akasema marahaba. Dawati la mbele, lililokuwa karibu na pumzi yake, likasikia na kukaa. Wengine wote walibaki wamesimama. Alisubiri yule wa nyuma aseme hatujasikia, na hakusema. Wala hakukuwa na utani usoni mwao safari hii. Walikuwa hawajasikia kweli. Walisimama tu, mikono ubavuni, wanamwangalia, na yeye akaona kitu ambacho mwaka mzima hakukiona kwa sababu ya kujiangalia mwenyewe. Walikuwa wamempa kitu na hawajui kama kimefika. Hawakuwa wamesimama kumpima. Walikuwa wanasubiri wapokelewe, na walikuwa watoto, na asubuhi ile yeye mwenyewe alikuwa ameinama mbele ya mtu bila kupokelewa na alijua inavyouma.

Akateremka kutoka pale ubaoni. Alipita katikati ya madawati, na kwenye kila dawati alisimama, akainama kidogo, akawanong'oneza watatu wa hapo: "Marahaba." Hakuwa na nguvu ya kuinguruma wala pumzi ya kuiharakisha, kwa hiyo ilitoka taratibu, ikavutwa mpaka mwisho. Aliitambua. Ilikuwa marahaba ya baba yake. Wakakaa watatu, wakakaa watatu wengine, madawati yakilia moja moja badala ya yote kwa pamoja. Yule mchekeshaji wa nyuma alipofikiwa aliinamisha kichwa. Kengele akaketi wa mwisho, kwa kuwa ndiyo zamu ya kiranja. Ilichukua sehemu kubwa ya kipindi na Mkuu alitazama saa yake mara mbili.

Sasa afundishe nini bila sauti? Aliandika ubaoni: nusu, theluthi. Akamnyooshea kidole Kengele, akagusa sikio lake, maana yake uliza tena. Kengele akaangalia huku na huku. Akauliza kwa woga, swali lilelile.

Kitinda akaenda kwenye dawati la Kengele. Walikuwa watatu hapo, viwiko ndani ya mbavu. Akamshika mmoja mkono, akamsimamisha pembeni. Wawili waliobaki walijinyoosha, wakaweka viwiko juu ya meza, mmoja akajifanya anapiga miayo. Kitinda akaandika juu ya dawati kwa chaki: nusu, nusu. Kisha akamrudisha yule wa tatu, wakabanana tena, Kengele akabaki amekaa kwa upande mmoja wa kiuno, na Kitinda akafuta, akaandika theluthi, theluthi, theluthi. Akanyoosha vidole vitatu. Akanyoosha viwili. Akawaangalia.

Kengele alitazama dawati, akawatazama wenzake waliombana kila siku tangu mwaka uanze. "Kumbe ni sisi," akasema. "Tukizidi watu, kila mtu anapata kidogo." Darasa likacheka, na mara madawati yote yakaanza kusukumana kupima nusu na theluthi, mtoto mmoja akadondoka, wawili wakagombania kifutio, na robo hawakuifikia kabisa kwa sababu kengele ya shule iligongwa.

Mkuu alimsubiri koridoni. "Robo hukuifundisha," akasema.

Kitinda akatikisa kichwa kukubali.

"Muda wako umeuvuruga, ubao wako haueleweki, na umechafua dawati la serikali kwa chaki." Akatazama ndani ya darasa, ambako ugomvi wa kifutio ulikuwa unaendelea. "Ila ndiyo mara ya kwanza nimekuona hukimbii. Jumatatu njoo usaini. Na leo nenda nyumbani kalale, unatisha."

Kitinda alitegemea atafurahi. Alitembea kuelekea nyumbani akiitafuta furaha na kukuta uchovu tu, safari hii wenye kitulizo ndani yake, kama wa mtu aliyeutua mzigo. Alimkumbuka kaka yake na feni yake bila wivu. Getini mlinzi alikuwa amemwambia, "Kwaheri mwalimu," hakuongeza neno, wala hakukohoa. Alichotaka sasa ni kitu kimoja. Njiani alikuwa anajaribu koo lake, akimeza, akikohoa, na alipokaribia nyumba uzi mwembamba wa sauti ulikuwa umerudi. Ulimtosha kusema shikamoo baba. Angeisema karibu kabisa na sikio, angeshikwa mkono, asubuhi ile ingefutika.

Dada yake alikuwa kibarazani amekitoa cherehani nje apate mwanga. Baba yao alikuwa kwenye kiti chake. Kitinda alipanda ngazi na chaki ilikuwa imemjaa, mikononi, kifuani, hata kwenye paji la uso alipojifuta jasho. Mzee akamwona. Alimwangalia hiyo chaki kwa muda mrefu. Halafu akashika mikono ya kiti, akajiinua kwa taabu, akasimama wima, mikono ubavuni.

"Shikamoo mwalimu," akasema.

Cherehani kikanyamaza.

"Samahani mwalimu, nimechelewa. Nilitumwa maji."

Kitinda alikuwa ameshafungua mdomo. Shikamoo yake ilikuwa pale kwenye ulimi, ileile ya miaka yote, aliyoibeba tangu asubuhi akitafuta mtu wa kuipokea. Alimwangalia dada yake, na dada yake alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa cha mteja. Alitaka kulia. Alitaka kumwambia, baba, ni mimi. Na mzee alikuwa bado amesimama. Miguu ilianza kumtetemeka, macho yalikuwa na wasiwasi wa mtoto aliyechelewa, lakini hakukaa. Hawezi kukaa mtu ambaye hajaitikiwa.

Basi Kitinda akaimeza ile yake. Alimsogelea mpaka sikioni, akaushika mkono wake, ule mkubwa wenye makovu ya mabomba, na kwa ule uzi wa sauti aliokuwa nao akaitikia kama alivyokuwa akiitikiwa yeye, taratibu, mpaka mwisho.

"Marahabaaa. Hujambo?"

"Sijambo, mwalimu."

"Hujachelewa," alimwambia. "Kaa."

Baba yake akakaa.